Amri ya Tano na Moshi wa Jikoni

Amri ya tano ya Mungu twaijua sote tangu siku zile tulipokaa chini mbele ya katekista. Mtoto wa komunyo ya kwanza huitaja bila kusita: Usiue. Na mtu mzima, anapoichunguza dhamiri yake kabla ya kuungama, huipita amri hiyo upesi, kwa kuwa hajamwaga damu ya mtu. Hakushika panga, wala hakutia sumu katika chakula cha jirani yake. Basi huendelea na amri ya sita.

Leo twawaomba wasomaji wetu wasimame kidogo penye amri hiyo ya tano. Kuna kitu kiuacho watu katika nyumba za Wakristu wema, nyumba ambamo rozari husaliwa kila jioni, wala hakuna mwenye nia mbaya. Hutoka pale pale mama apikapo ugali. Jina lake ni moshi.

Tuchukue mfano wa Nyanda za Juu za Kusini, yaani nchi ya Iringa na Mbeya. Ye yote aliyepata kukaa huko mwezi wa Juni au Julai anaijua baridi yake. Mji wa Mbeya umekaa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza. Mji wa Iringa nao umejengwa juu, na chini yake liko bonde la Ruaha Mdogo, penye Ipogolo na barabara kuu. Alfajiri, kabla jua halijapanda, mtu akitazama chini huona utando wa kijivu umelala juu ya mabati ya nyumba kama blanketi. Wengi husema, “Ni ukungu.” Ni kweli, ukungu umo. Lakini humo pia mna moshi wa maelfu ya majiko, uliotoka usiku ukakosa njia ya kwenda.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Usiku wa kiangazi ardhi hupoa upesi, na hewa iliyo karibu nayo hupoa vile vile. Hewa baridi ni nzito. Huteremka kutoka milimani ikajaa bondeni, na juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, kama mfuniko juu ya chungu. Moshi hupanda kidogo tu, kisha husimama. Mpaka jua lipashe ardhi moto na kuufungua mfuniko huo, watu wote wa bonde huvuta hewa ile ile, aliyewasha moto na asiyewasha.

Sasa tuingie ndani ya jiko lenyewe. Ni kibanda kidogo cha udongo au cha matofali. Dirisha lake ni dogo, maana baridi haina huruma. Katikati yapo mafiga matatu. Juu yake, katika uchanja, yamewekwa mahindi ya mbegu, kwa sababu moshi huwafukuza wadudu. Hayo ni maarifa ya wazee, nasi hatuyadharau. Kuni zimekusanywa jana, nazo bado ni mbichi. Mama amepiga magoti, anapuliza moto, macho yanamtoka machozi. Mtoto yuko mgongoni mwake, na pua ya mtoto iko hapo hapo ilipo pua ya mama. Baba je? Baba ameketi nje juani, au sebuleni, anangoja kuitwa kula.

Na mtoto yule akianza kukohoa usiku, mama hufanya nini? Humsogeza karibu na moto, ili apate joto. Hufanya hivyo kwa upendo, kama alivyofanyiwa na mama yake. Bila kujua, humleta mgonjwa karibu zaidi na kile kilichomwuguza.

Ndugu msomaji, moshi si rangi tu ya hewa. Moshi ni vumbi. Kuni, mkaa, mabua au takataka zisipoungua sawasawa hutoa chembe ndogo sana za masizi. Wataalamu wanazihofia hasa zile zisizozidi mikroni mbili na nusu kwa upana. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe kama hizo ishirini na zaidi zikipangwa bega kwa bega ndipo hufikia upana wa unywele mmoja wa kichwa. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa puani, nasi hulipenga likaisha. Chembe hizi ndogo hazinaswi. Hushuka mpaka mwisho wa mapafu, penye vifuko vidogo ambamo hewa hukutana na damu, na baadhi huvuka zikaingia katika damu yenyewe. Kwa hiyo madhara yake si kikohozi peke yake. Ni nimonia kwa mtoto. Ni ugonjwa wa moyo, kiharusi na kansa ya mapafu kwa mtu mzima. Na kwa mama mjamzito ni hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa ndani ya nyumba, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Shirika hilo lasema pia kwamba mtoto akaaye katika moshi huo yumo katika hatari ya nimonia karibu mara mbili kuliko mwenzake. Na katika jiko lisilopitisha hewa vizuri, vumbi hilo laweza kuzidi mara mia kile kiasi kinachokubalika. Hesabu hizo ni za dunia nzima, lakini mtu asidhani kwamba ni za mbali. Aende katika zahanati yo yote ya milimani wakati wa baridi, awaone akina mama walioketi kwenye benchi na watoto wao, asikilize jinsi watoto hao wapumuavyo.

Je, mama yule aliyemsogeza mtoto penye moto ametenda dhambi? La hasha. Kanisa limetufundisha siku zote kwamba mtu asiyejua, wala asingeweza kujua, hana hatia. Lakini Kanisa hilo hilo limetufundisha kwamba anayejua na anayeweza, asipotenda, hukosa. Katika Misa twaungama mbele ya Mungu na mbele ya ndugu zetu kwamba tumekosa si kwa mawazo, maneno na matendo tu, bali pia kwa kutotimiza wajibu. Basi tangu leo, msomaji mpendwa, wewe uliyesoma habari hii huwezi tena kusema kwamba hukujua. Wala sisi tulioiandika hatuwezi.

Huenda mtu akasema, “Nimeelewa. Nitamnunulia mama watoto jiko bora, na kazi imekwisha.” Ni mwanzo mzuri, lakini kazi haijaisha. Hebu tuvuke mto Songwe, twende kwa jirani zetu wa Malawi. Huko Karonga, mwendo mfupi kutoka Kyela, na pia huko Chikwawa upande wa kusini, wataalamu waligawa majiko ya kuni yanayotoa moshi mchache, wakafuatilia afya ya watoto wadogo zaidi ya 10,000. Nyumba nyingine zilipewa majiko hayo, nyingine ziliendelea kupika kama zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la waganga liitwalo The Lancet. Nimonia haikupungua. Watoto wa nyumba zenye majiko mapya waliugua sawa na wenzao.

Kwa nini? Wachunguzi wenyewe walieleza kwamba huenda faida ya jiko ilimezwa na moshi mwingine uliowazunguka watu hao, kama vile takataka zinazochomwa na tumbaku inayovutwa. Mama alisafisha jiko lake, lakini mtoto hakuvuta hewa ya jiko lake peke yake. Alivuta hewa ya kijiji.

Fundisho hilo ni kubwa, na kwa Mkristu si geni. Mtakatifu Paulo aliwaeleza Wakorintho kwamba sisi sote ni viungo vya mwili mmoja, na kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia pamoja nacho. Neno hilo twalisikia kanisani tukalifikiria kama jambo la roho. Hewa yatuonyesha kwamba ni kweli hata kwa mapafu. Shamba lina mpaka, na nyumba ina ukuta, lakini moshi haujui mpaka wala ukuta. Hakuna mtu awezaye kuvuta hewa yake pekee.

Basi tuutazame moshi mwingine wa nyanda hizo. Kwanza kuna matanuri ya matofali. Nyumba ya matofali ya kuchoma ni fahari ya watu wa Iringa na Mbeya, na ni haki yao kujenga vizuri. Walakini tanuri moja huwaka siku nyingi mchana na usiku, kwa magogo au kwa pumba za mpunga, na mara nyingi husimama katikati ya makazi. Pili kuna moto wa mashamba. Mwezi wa Septemba mpaka Novemba, kabla ya mvua, mabua na nyasi huchomwa ili shamba liwe safi, na moto wa mtu mmoja ukipata upepo hupanda mlimani, ukaingia katika misitu ya watu na ya serikali. Wenyeji wa Mufindi, penye msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill, wanajua hasara yake. Tatu kuna marundo ya maranda na vumbi la mbao, yanayoachwa yakifuka polepole karibu na mashine za kupasulia magogo. Nne kuna takataka za mjini, na humo mna plastiki, ambayo moshi wake una sumu ya namna yake. Tano kuna malori ya barabara kuu iendayo Zambia, yanayopanda Kitonga kwa shida na kutoa moshi mweusi, kisha hupita Ipogolo, Mafinga, Uyole na Mwanjelwa, katikati ya wauza ndizi na watoto waendao shule.

Kila mmoja katika hao ana sababu yake. Mchoma matofali anatafuta ada ya shule ya watoto. Mkulima ana haraka, mvua imekaribia. Dereva ameambiwa afike Tunduma kesho. Hakuna anayetaka kuua. Lakini vumbi la wote hukutana bondeni chini ya ule mfuniko, na pumzi ya kwanza ya mtoto alfajiri ni mchanganyiko wa haraka za watu wote.

Yaliyo kama hayo yaliwapata matajiri pia. Mwezi wa Desemba mwaka 1952, mji wa London ulifunikwa kwa siku tano na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, ambayo watu waliwasha majumbani kujikinga na baridi. Hewa baridi ilikuwa imelala chini, na yenye joto juu yake, kama tulivyoeleza habari ya Mbeya. Watu walikuwa wameuzoea ukungu wa namna hiyo, hawakushtuka. Hesabu ya vifo ilipofanywa ndipo ilipoonekana kwamba watu wapatao 4,000 walikufa. Na wachunguzi wa baadaye wamesema huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 bunge la Uingereza likatunga sheria ya hewa safi, na serikali ikawasaidia watu gharama za kubadili majiko yao. Angalieni mambo mawili hapo. Moshi uliozoeleka ndio uliokuwa wa hatari. Na dawa yake haikuachiwa kila nyumba peke yake.

Katika nchi yetu nayo hatua zimechukuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004, na kanuni za ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kupika kwa kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024. Na tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wakipika kwa nishati safi. Yafaa tushukuru. Lakini mkakati haupuliziwi ukawaka. Watu ndio watakaoutimiza. Basi kila mtu asikie wajibu wake.

Akina baba, twaanza nanyi, kwa kuwa mfuko wa nyumba mara nyingi uko mikononi mwenu. Katika nyumba nyingi mtungi wa gesi ulinunuliwa kwa shangwe, ukaisha, ukawekwa pembeni kama pambo. Baba husema hana fedha. Pengine ni kweli. Umaskini hatuufanyii mzaha. Lakini kila baba ajiulize mbele ya Mungu: wiki ile aliyokosa fedha ya gesi, alikosa pia fedha ya pombe na ya vocha ya simu? Na kama kweli hana, anayo mikono. Apasue kuni na kuzianika miezi kadhaa chini ya paa kabla ya kuwashwa, kwa sababu kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Atoboe dirisha la pili mkabala na la kwanza, ili hewa ipite. Ajenge dohani ya udongo, itoe moshi nje. Mwenye ng'ombe au nguruwe zizini aulize kwa maofisa wa mifugo habari ya gesi ya samadi, ambayo wafugaji wengi wamekwisha kuitumia. Naye asiache kuingia jikoni mwenyewe akapika siku moja. Atajifunza zaidi ya tuwezavyo kumwandikia.

Akina mama, lowekeni maharage tangu jana yake, fungeni mfuniko wa sufuria, nanyi mtapunguza saa za moto. Mtoto mchanga asikae mgongoni wakati wa kupika. Dada yake au bibi yake amshike nje. Na mtoto mgonjwa afunikwe nguo nzito, asisogezwe penye moshi. Tena twawasihi wote: msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa uliokolea, hata usipotoa moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na usiku wa baridi umewahi kuwalaza watu wasiamke tena.

Wanakijiji, wekeni mapatano na myashike. Tanuri la matofali lisiwe katikati ya nyumba. Na pale penye mashine ya kushindilia matofali ya udongo na saruji, yasiyochomwa, jengeni kwa hayo. Mabua yaachwe yafunike ardhi au yageuzwe mboji, maana moto huchoma pia rutuba. Njia za kuzuia moto zilimwe mapema kabla ya kiangazi kukaza. Jumuiya ndogo ndogo zetu hukutana kila juma, WAWATA hukutana, wanaume Wakatoliki hukutana. Wakichangiana kwa zamu kununua mitungi au kujenga dohani, nyumba baada ya nyumba, mtaa mzima waweza kubadilika pamoja. Hilo ndilo fundisho la Karonga: nyumba moja haitoshi.

Na sisi wa Kanisa tusijifiche nyuma ya mimbara. Seminari zetu, shule zetu za bweni, nyumba za watawa na hospitali zetu zina majiko makubwa, na kando ya mengi yake yamepangwa magogo kama ukuta. Mpishi wa shule husimama katika moshi huo tangu saa kumi ya alfajiri, mwaka hata mwaka, ili wanafunzi wetu wale na kusoma maadili. Itakuwa aibu tuwahubirie wengine habari ya uhai wakati mapafu ya mpishi wetu yanakauka. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 uitwao Laudato Si', hakuzungumza habari za viwanda vya mataifa makubwa tu. Aliutaja pia moshi wa kupikia na wa kuotea moto, na maradhi yanayotokana nao, hasa kwa maskini. Ikiwa Baba Mtakatifu aliliona jiko la maskini toka Roma, sisi tulio jirani nalo tutasemaje?

Biblia yatuambia kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi, akampulizia puani pumzi ya uhai. Pumzi hiyo hatukuinunua, wala si mali yetu kuichafua. Aliyempa Adamu ndiye anayempa mtoto yule aliye mgongoni.

Wala Bwana wetu hakuuchukia moto. Baada ya kufufuka kwake, asubuhi na mapema, mitume walipofika pwani ya bahari ya Tiberia walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Yesu Kristu mwenyewe, mshindi wa mauti, alikuwa amewapikia wenzake waliochoka. Alipika nje, penye upepo wa ziwa, akawaita waje wale. Hakuona haya kufanya kazi ya jikoni, wala hakumwachia mwingine avute moshi kwa ajili yake.

Basi, ndugu wapendwa, jioni hii mama atakapowasha moto, kila mmoja wenu aende akasimame mlangoni pa jiko, avute pumzi tatu, kisha aichunguze dhamiri yake juu ya amri ya tano. Na aliyeguswa asingoje Kwaresima. Kesho asubuhi achukue shoka akapasue kuni, au nyundo akatoboe dirisha. Mwenyezi Mungu, aliye asili ya kila pumzi, awabariki ninyi na watoto wenu.